Nguo Chache za Siku Ndefu

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unafungua kabati la nguo. Huenda wengine mtauliza, nguo na afya vina uhusiano gani? Vina uhusiano mkubwa, hasa kwetu sisi tunaoishi Karatu na Ngorongoro, ambako mtu huweza kupita katika majira matatu kwa siku moja.

Tuwatazame akina mama na vijana wanaofanya kazi katika hoteli za ukingoni mwa kreta. Wanaondoka Karatu mjini, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, kukiwa bado giza. Wanapofika ukingoni wamevuka mita 2,200, na ukungu umefunika hata miti. Hewa hupoa kwa nyuzi sita hivi kwa kila mita 1,000 tunazopanda. Anayetumwa mchana Mto wa Mbu, au kwenye mashamba ya vitunguu ya Mang'ola, anatokwa jasho. Jioni kuna jumuiya, kuna msiba, kuna sokoni. Nafasi ya kurudi nyumbani kubadili nguo haipo, na wengi wetu hata hizo nguo za kubadili hatuna.

Basi dawa yake ni kuvaa tabaka. Koti moja zito linafaa asubuhi tu, mchana linakuwa mzigo. Bali fulana ya pamba, juu yake shati au blauzi, kisha sweta, na mwisho koti jepesi la kuzuia upepo, hukupa nafasi ya kuvua kidogo kidogo jua linavyopanda. Kinachotupa joto hasa ni hewa iliyonaswa kati ya nguo na nguo. Jambo hili majirani zetu Wamasai wamelijua siku nyingi: shuka mbili au tatu hufunguliwa, hukunjwa, hufunika kichwa mvua ikinyesha, na usiku huwa blanketi. Mwaka 1967 na 1968 serikali iliendesha kampeni ya kuwataka waache rubega na kuvaa suruali. Leo mashuka hayo yanauzwa madukani Karatu, na hata walinzi wa usiku wasio Wamasai wanajifunika nayo. Sisi hatuwashangai.

Sasa tuhesabu. Mama mwenye sketi mbili na blauzi nne, zote za rangi zinazopatana, anaweza kutoka kwa namna nane bila kurudia. Akiongeza sweta moja na kitenge kimoja kizuri cha kujitanda, hakuna atakayejua kwamba sanduku lake ni dogo. Siri iko kwenye rangi. Chagua rangi moja iliyotulia, mathalani kahawia, kijani kibichi au zambarau iliyokolea, kisha nyingine zifuate hiyo. Nyeupe tuiachie Komunyo ya Kwanza. Vumbi jekundu la Karatu halina huruma nayo. Na wanaokwenda kazini Tarangire waepuke buluu iliyokolea na nyeusi, kwani mbung'o huzipenda rangi hizo, ndiyo maana hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya namna hiyo.

Nguo nyingi tunazipata kwenye mitumba, hasa mnada wa tarehe 7. Tusione haya. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki ziliazimia kuiondoa mitumba hatua kwa hatua, lakini Tanzania ikalegeza msimamo, na belo zinaendelea kufunguliwa. Unapochagua, usitazame rangi peke yake. Igeuze nguo ndani nje, uvute mishono, upandishe na kushusha zipu, utazame kwapani na katikati ya miguu ambako nguo huchakaa kwanza. Shingo iliyolegea hairudi, ila kifungo kilichopotea ni kazi ya dakika tano kwa fundi cherehani. Nguo za ndani za mitumba Shirika la Viwango Tanzania limezipiga marufuku, nasi tunasema ziacheni: ni afadhali chupi tatu mpya za pamba kuliko kumi zilizovaliwa na mtu usiyemjua. Nguo zenye mabaka ya kijeshi nazo ziacheni, hata zikiwa rahisi. Mwaka 2023 Jeshi la Wananchi liliwapa raia siku saba kuzisalimisha.

Chochote ulichonunua kifue kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kukivaa, maana upele na chawa husafiri kwa nguo. Anika kwenye kamba juani, wala si juu ya majani. Katika sehemu za joto yuko inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, hasa zilizoanikwa kivulini, na funza wake huingia kwenye ngozi na kufanya uvimbe kama jipu. Pasi ya moto huua mayai hayo, lakini usisahau mikunjo, mishipi ya kiunoni na nepi.

Hapa tunaomba mtusikilize kwa makini zaidi. Akina mama wengi wanapika kwa kuni, na vitenge vingi vya bei nafuu siku hizi si pamba. Chomoa uzi mmoja kwenye pindo, uuchome kwa kiberiti mbali na watoto. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Kidonge hicho ndicho kinachogandamana na ngozi, nguo ikishika moto jikoni. Kitenge cha poliesta ni kizuri kwa harusi na picha. Jikoni vaa pamba, na usiache ncha za khanga zikining'inia juu ya mafiga. Watoto wanaoota moto usiku wasivae nailoni.

Ikitokea nguo imeshika moto, mlaze mtu chini, mfunike kwa blanketi zito au mviringishe mpaka moto uzimike. Mwagia jeraha maji safi ya baridi kwa dakika 20. Nguo iliyoganda kwenye ngozi usiivute. Dawa ya meno, asali, unga na mafuta visipakwe. Kisha nendeni hospitali.

Khanga ina hatari nyingine ambayo hatuifikirii. Mama anapangusa macho ya mtoto mmoja kwa pembe ya khanga, kisha ya wa pili kwa pembe ile ile. Hivyo ndivyo vikope vinavyosambaa, ugonjwa ambao kwa miaka mingi umewapofusha watu katika maeneo ya wafugaji, Ngorongoro ikiwemo. Kila mtoto awe na kitambaa chake, kilichokatwa hata kutoka fulana kuukuu, na auoshe uso wake kila siku.

Kuhusu watoto wachanga, baridi peke yake haileti kichomi. Vijidudu ndivyo vinavyokileta. Lakini kichanga hupoteza joto upesi, hasa kichwani, kwa hiyo kofia na soksi ni nguo zake za kwanza, na kifua cha mama hushinda blanketi. Kinyume chake, mtoto mwenye homa kali asifunikwe gubigubi ili "atoke jasho". Mpunguzie nguo, mnyonyeshe au mpe maji ya kunywa, na mpeleke zahanati siku hiyo hiyo.

Tumalizie na miguu. Yeboyebo zinafaa bafuni. Kwenye njia za vumbi na mazizini watoto wanahitaji viatu vilivyofunika vidole, kwa sababu ya funza. Makatambuga ya tairi hudumu miaka, ila huacha vidole wazi, basi anayeyavaa zizini aikague miguu yake kila jioni. Raba za mitumba zifuliwe pamoja na soli za ndani, zikauke kabisa juani, la sivyo fangasi wa mwenyewe wa kwanza watahamia kwako. Na mnunue viatu mchana kuelekea jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa kazi. Kiatu kinachokutosha vizuri saa tatu asubuhi mnadani, saa kumi na moja jioni, ukiwa njiani kurudi, kinaweza kukufanya ukibebe mkononi.