Mtazamo wa Mtekelezaji na Mwendo wa Mtoto: Kipindi cha Mazoezi ya Mwili katika Mtaa wa Kilimani

Dhana ya mazingira ya utekelezaji hurejelea mambo yanayomzunguka mtu aliyekabidhiwa mradi: uwanja, vifaa, muda, idadi ya washiriki na msimamo wa wakubwa wake. Aghalabu mambo haya huhesabiwa kana kwamba yanamfikia mshiriki moja kwa moja. Sivyo. Baina ya uwanja na mtoto pana mwalimu, naye hutenda kulingana na uwanja anavyouona. Walimu wawili waweza kupewa ua uleule wa saruji. Mmoja akaona mahali pa kurukia kamba, mwenziwe akaona magoti yatakayochubuka na mzazi atakayekuja kulalamika.

Mtaa wa Kilimani, magharibi mwa jiji la Nairobi, unalidhihirisha jambo hili. Hapo awali ulikuwa mtaa wa nyumba za chini zenye bustani pana. Leo maghorofa yamejaa kandokando ya barabara za Argwings Kodhek na Lenana, na mtoto wa orofa ya tisa mara nyingi hana pa kukimbilia ila maegesho ya magari. Arboretamu ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1907, haiko mbali, lakini huingiwa kwa malipo, na mtoto mdogo hawezi kwenda peke yake. Kipindi cha shuleni kikipotea, basi, hakuna cha kukifidia.

Hasara hiyo imepimwa. Utafiti wa kimataifa uliohusisha nchi 12, ambao wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kenyatta waliuendesha Nairobi, uliwachunguza watoto 563 wa miaka 9 hadi 11. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kuwa asilimia 12.6 tu ndio waliofikia dakika 60 za kila siku zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Na hii ndiyo nchi ya wakimbiaji!

Mtazamo hugeukaje kuwa mwendo? Mwaka 2002 Pelletier na wenzake huko Kanada walieleza kwamba mwalimu anayehisi kubanwa na wakubwa wake, au na wanafunzi wasio na ari, hupungukiwa na ari yake mwenyewe, kisha naye huwabana wanafunzi. Nchini Kenya mbano ulijulikana ulikotoka. Tangu mwaka 1985 hadi 2023 mtihani wa darasa la nane haukutahini mazoezi ya mwili. Kipindi kilikuwa kwenye ratiba, lakini Hisabati ilijua njia ya kukifikia.

Hata kisiponyakuliwa, mwalimu anayeyaona mazingira kuwa hatari huwapanga watoto mstari mmoja. Tuseme watoto ni 40, mpira ni mmoja, kipindi ni dakika 35 na kila zamu ni nusu dakika: hakuna atakayesogea zaidi ya dakika moja. Wagawanywe makundi manane yenye mipira ya matambara, kila mmoja atapata dakika saba. Uwanja haukubadilika.

Hapa mwanaisimu ana la kuchangia. Kauli "hakuna uwanja" haina mtenda. Huenda ina maana kwamba uwanja ni mdogo, au umegeuzwa maegesho, au upo ila mwalimu mkuu hataki kelele. Kila maana ina dawa yake, na hojaji inayoziandika zote kama "ukosefu wa vifaa" huzipoteza.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, umeyaunganisha michezo na sanaa katika somo moja la sekondari ya chini. Ni hatua njema, ingawa mwalimu wa muziki aliyepewa filimbi ghafla aweza kujiona hana uwezo, na hisia hiyo nayo ni sehemu ya mazingira. Hali hii ni nzito zaidi pale watoto wasioona wanaposoma pamoja na wenzao, kama katika Shule ya Msingi ya Kilimani. Kwa mwalimu anayeamini kwamba asiyeona ataumia, mtoto huyo atakaa kivulini akisikiliza wenzake wakicheza. Kwa anayeamini kwamba kinachokosekana ni sauti tu, mpira hutiwa njuga.