Pozzuoli: Mji wa kale ambao ardhi yake hupanda na kushuka

WASOMAJI wa Kitabu cha Matendo ya Mitume watakumbuka kwamba Mtume Paulo, alipokuwa akipelekwa Roma akiwa mfungwa, alishukia Puteoli na kukaa na waumini wa huko kwa siku saba. Mji huo ungalipo. Siku hizi unaitwa Pozzuoli, nao uko pwani, magharibi mwa Naples, nchini Italia.

Ulianzishwa na Wagiriki kutoka kisiwa cha Samos katika karne ya 6 kabla ya Kristo (K.K.). Warumi waliufanya koloni lao mwaka wa 194 K.K., ukawa bandari kuu ya meli zilizosheheni ngano kutoka Alexandria, Misri. Kielelezo cha fahari ya enzi hiyo ni uwanja wa michezo wa Kirumi, ambao vyumba vyake vya chini ya ardhi vingali imara.

Hata hivyo, kivutio kinachowastaajabisha wengi ni nguzo tatu za marumaru katika magofu ya soko la kale. Mita kadhaa kutoka chini, nguzo hizo zimejaa vitundu vilivyotobolewa na kome wa baharini. Yaani, soko hilo lilizama baharini, kisha likaibuka tena, nguzo zikiwa zimesimama wima. Mwanajiolojia Charles Lyell alizitumia katika kitabu chake cha mwaka wa 1830 kuthibitisha kwamba ardhi hupanda na kushuka.

Sababu ni kuwa Pozzuoli umejengwa ndani ya Campi Flegrei, bonde pana la volkano. Joto na gesi zinapojikusanya chini, ardhi huinuka. Msukumo ukipungua, hudidimia. Mwaka wa 1538, volkano ililipuka karibu na mji na kuunda mlima mpya, Monte Nuovo, kwa muda wa siku chache tu.

Ajabu ni kwamba volkano hiyo hiyo iliupa mji sifa. Majivu yake, yakichanganywa na chokaa, hutoa zege linaloganda hata ndani ya maji. Jina pozolana, linalojulikana na watengenezaji saruji hata humu nchini, limetokana na Pozzuoli.

Mnamo 1970, wakazi wa Rione Terra, mtaa mkongwe zaidi mjini humo, waliamriwa kuhama. Kati ya 1982 na 1984, ardhi ilipanda kwa karibu mita 1.8, na watu wapatao 40,000 wakahamishwa. Tangu 2005 imekuwa ikipanda tena, na Mei 2024 tetemeko la kipimo cha 4.4 liliwalazimu mamia ya wakazi kuyahama makao yao.

Leo wageni hutembezwa katika barabara za Kirumi zilizo chini ya Rione Terra. Bandarini nako, maji yamepungua kina kwa sababu sakafu ya bahari imeinuka, na mashua za wavuvi hukwama matopeni.