Chembe Sahani Zimepungua: Je, Uboho Unafanya Kazi?

Mgonjwa akifikishwa kituo cha afya Modogashe na homa kali huku ufizi ukitoka damu, hemogramu, yaani kipimo kinachohesabu chembe za damu, hueleza mapema ukubwa wa hatari. Mtu mzima mwenye afya ana chembe sahani, zinazoziba mishipa iliyojeruhiwa, kati ya 150,000 na 450,000 katika kila mikrolita ya damu. Zikishuka hadi 30,000, hali ni mbaya. Lakini idadi hiyo haisemi zimeenda wapi.

Kaskazini Mashariki mwa Kenya, iliko Modogashe, ina sababu nyingi za kuuliza swali hilo. Malaria huzipunguza. Dengi, iliyozuka Mandera mwaka 2011, huzipunguza pia. Homa ya Bonde la Ufa ilizuka Garissa mwishoni mwa 2006 na kuua watu zaidi ya 100 nchini. Kala-azar, inayoenezwa na usubi anayejificha kwenye vichuguu, iliwashambulia watu wa Wajir na Mandera mwaka 2000 na 2001.

Chembe sahani huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa na kuishi siku 7 hadi 10. Zile zilizotoka ubohoni punde bado zina RNA, ambayo huisha kadiri zinavyokomaa. Watafiti walizitambua mwaka 1969. Leo mashine hutia damu rangi inayoshika RNA, kisha huimulika kwa leza. Chembe changa hung'aa zaidi na kuhesabiwa. Kwa kawaida huwa kama asilimia 1 hadi 6 ya chembe sahani zote, ingawa kila maabara ina viwango vyake.

Tuchukue wagonjwa wawili, kila mmoja ana chembe 30,000. Wa kwanza ana chembe changa asilimia 20: uboho unazalisha kwa bidii, ila chembe zinaharibiwa au kutumika haraka mwilini. Wa pili ana asilimia 2: huenda uboho wenyewe umeshindwa, na ndio unaopaswa kuchunguzwa. Kwa mgonjwa wa dengi, asilimia ikipanda, mara nyingi idadi nayo huanza kupanda katika siku moja au mbili zinazofuata.

Kala-azar huchanganya hesabu hii. Wengu uliovimba huzizuilia chembe, na vimelea navyo huvamia uboho. Hapo asilimia ya chembe changa haitoshi. Lazima kutafuta kimelea chenyewe au kingamwili dhidi yake.

Kipimo cha chembe changa kinataka damu mbichi, kwa kuwa chembe hubadilika umbo zikikaa chupani, na Modogashe iko zaidi ya kilomita 140 kutoka hospitali ya kaunti mjini Garissa. Kwa hiyo fundi wa maabara aanze na alichonacho: apake damu kwenye kioo, aitazame kwa hadubini. Atagundua kama chembe zimegandana chupani na kuidanganya mashine, ataona vimelea vya malaria, na chembe kubwa kupita kawaida zitamdokeza kwamba uboho unajitahidi. Mashine zenye uwezo wa kuhesabu chembe changa zinastahili kufika hospitali za kaunti, maana huko ndiko huamuliwa nani atibiwe hapo na nani asafirishwe Nairobi.