"Drop by": Kupita kusalimia au kushuka kwa bei?

MANENO mawili mafupi ya Kiingereza, "drop by", huwatatiza wengi wanaosoma taarifa za fedha, mikataba na barua za ofisini. Mahali pamoja humaanisha kupita kwa mtu na kumjulia hali. Mahali pengine humaanisha kwamba bei, mapato au idadi ya watu imepungua kwa kiasi fulani. Asiyeiona tofauti hiyo anaweza kuweka saini mahali ambapo hakupaswa kuweka.

"Drop" likisimama peke yake ni kudondoka au kudondosha. Ugumu huanza pale linapofuatwa na neno dogo kama "by", "in", "off", "out" au "to". Kiswahili hufanya kazi ya namna hiyo kwa kubadili mwisho wa kitenzi. Kutokana na "pita" hupatikana "pitia", "pitisha" na "pitiwa", na anayesema "nitakupitia jioni" yuko mbali kabisa na anayesema "nilipitiwa na usingizi". Mwingereza hukiacha kitenzi chake kama kilivyo na kubadili neno linalokifuata. Ndiyo maana kutafsiri neno moja baada ya jingine hakumfikishi msomaji popote.

Hatari kubwa imo katika takwimu. Chukulia bidhaa iliyokuwa ikiuzwa shilingi 1,000. Taarifa ikisema "the price dropped by 400 shillings", bei mpya ni shilingi 600. Ikisema "the price dropped to 400 shillings", bei mpya ni shilingi 400. "By" hutaja kiasi kilichopungua na "to" hutaja mahali bei ilipofikia. Kwa Kiswahili, la kwanza ni "imeshuka kwa" na la pili ni "imeshuka hadi". Mfanyabiashara anayeagiza mzigo kwa barua ya Kiingereza na kuchanganya maneno hayo atajikuta ameahidi kulipa, au kulipwa, kiasi ambacho hakukikusudia.

Katika riba ya mkopo, hesabu huwa ngumu zaidi. Riba ya asilimia 16 ikishuka "by two percentage points" inakuwa asilimia 14. Ikishuka "by two per cent", yaani sehemu mbili katika kila mia ya riba yenyewe, inakuwa asilimia 15.68. Mkopaji anayetarajia nafuu ya kwanza akapewa ya pili hana wa kumlaumu, kwani maandishi yalikuwa mbele yake. Hata hivyo, Kiswahili nacho kina mtego wake: "kushuka kwa shilingi" ni thamani ya sarafu kupungua, au ni bei kupungua kwa kiasi cha shilingi moja? Sentensi nzima ndiyo hutoa jibu.

Tukija kwenye matembezi, "drop by" na "drop in" hukaribiana sana. Yote mawili ni kufika bila miadi, kwa muda mfupi na bila shughuli nzito. Anayetembelewa hutajwa baada ya "on", kama katika "we dropped in on our uncle". Mahali hutajwa baada ya "at", kama "we dropped in at the office". "Drop by" huweza kutaja mahali moja kwa moja: "drop by the office". Kwa watu wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, ambako mgeni hupiga hodi na kukaribishwa, huenda ikashangaza kwamba kitendo hicho kinahitaji jina lake maalumu. Lakini palipozoeleka watu kupeana miadi kwanza, kufika bila taarifa ni jambo la kutajwa.

Maneno haya ni ya mazungumzo mepesi, wala hayafai kila mahali. Mnamo Novemba 6, 2015, siku moja baada ya kuapishwa, Rais John Magufuli alikwenda kwa miguu hadi Wizara ya Fedha na kukuta baadhi ya watumishi hawapo kwenye viti vyao. Hiyo ilikuwa ziara ya kushtukiza, na Kiingereza chake ni "surprise visit". Kusema "he dropped in on the ministry" si kosa la sarufi, lakini kungemfanya msomaji adhani Rais alipita kunywa chai. Vivyo hivyo, mwombaji wa kazi asimwandikie mkurugenzi kwamba ata-"drop by". Aombe nafasi ya kuonana naye.

"Drop off" lina maana tatu: kupungua, kumshusha mtu au mzigo mahali, na kusinzia. "Attendance has dropped off" ni mahudhurio kupungua. Abiria wa teksi akitaka kushushwa Mwenge atasema "drop me off at Mwenge". Kiwakilishi hukaa katikati, hivyo "drop off me" ni kosa. Likiwa jina, huandikwa kwa kistari, "drop-off", na mkazo huhamia mwanzoni.

Kistari hicho hicho humsaidia mgonjwa. Kwa Waswahili wanaoishi Uingereza, tangazo la "drop-in clinic" lina maana kwamba mtu anaweza kufika bila miadi katika saa zilizotajwa. Lakini "a drop in clinic visits" ni habari nyingine kabisa: idadi ya wanaokwenda kliniki imepungua. Anayelisoma la kwanza kama la pili atabaki nyumbani na ugonjwa wake, ilhali mlango ulikuwa wazi.