Harufu ya Moshi Katika Chai ya Sotik

Miezi ya Juni na Julai ni miezi ya baridi huku Sotik. Asubuhi ukungu hulala juu ya mashamba ya chai, na mchumaji hulowa umande hata kiunoni. Arudipo nyumbani hatamani kitu ila kikombe cha chai ya maziwa iliyochemshwa juu ya mafiga, yenye sukari ya kutosha na harufu ya moshi. Watu wa huku wafanyao kazi mijini hulalamika ya kwamba chai ya gesi haina ladha.

Je, harufu hiyo yatoka wapi? Haitoki katika jani. Jani lichumwalo Sotik na Kericho hupelekwa kiwandani siku ile ile, likanyaushwa, likasagwa, likaachwa hata rangi yake ikageuka kuwa kahawia, ndipo likakaushwa kwa hewa ya moto. Viwanda vingi huwasha kuni za mkaratusi, lakini moto ule huchemsha maji tu; mvuke ndio upashao hewa moto, na moshi hutoka nje kwa dohani. Imefanywa hivyo kwa kuwa jani la chai hunyonya harufu upesi mno. Chai yetu ikinuka moshi, waonjaji huihesabu kuwa na kasoro, na katika mnada wa Mombasa anayepata hasara ni mkulima.

Wachina wana shauri jingine. Katika milima ya Wuyi, jimbo la Fujian, majani hukaushwa makusudi kwa moshi wa msonobari. Chai hiyo, iitwayo Lapsang Souchong, ina wapenzi wake hata Ulaya. Kasoro ya huku ni sifa ya kule!

Basi harufu ya chai ya Sotik ni ya jikoni. Baba aketiye sebuleni na kikombe chake huisifu. Mama amekwisha kuivuta saa nzima, macho yakimtoka machozi na mtoto yu mgongoni. Jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu wapatao milioni 3.2 ulimwenguni, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka 5.

Hapana budi jiko liwe na dohani, au madirisha mawili yanayoelekeana, na kuni zikatwe na kuanikwa mapema, kabla ya mvua. Kuni mbichi ndizo zenye moshi mwingi.

Naye apendaye harufu asikate tamaa, kwa maana Wakipsigis wanao ujuzi wa zamani. Kibuyu, waitacho sotet, husuguliwa ndani kwa kaa la mti wa senetwet kabla ya kutiwa maziwa. Ndiyo asili ya harufu ya mursik na rangi yake ya kijivu. Mursik yenyewe haifai katika chai, kwani ni maziwa ya mgando nayo yatakatika. Lakini maziwa yaliyochemshwa na kupoa, yakikaa kidogo tu katika kibuyu kilichosuguliwa upya, huchukua harufu hiyo. Yatie sufuriani pamoja na maji na majani, uchemshe tena. Majani yaliyobaki yawekwe katika mkebe wenye kifuniko cha kubana, mbali na meko. La sivyo, siku ya kupika samaki chai nayo itanuka samaki.