Patrick Sang: Mzee wa fedha anayewapa wengine dhahabu

Wewe kijana wa Kasikeu, hapa Makueni, tuseme una miguu ya mbio. Nani kijijini kwenu anaweza kukuandikia ratiba ya mazoezi? Simaanishi mwalimu wa michezo anayekukumbuka wiki mbili kabla ya mashindano ya shule. Namaanisha mtu aliyewahi kusimama kwenye mstari wa Olimpiki, anayejua Jumanne ukimbie nini na Jumatano upumzike vipi.

Shikilia hilo swali, kwanza tumzungumzie Patrick Sang.

Wengi mnamjua kama yule mzee mpole anayeonekana kwenye picha nyuma ya Eliud Kipchoge. Lakini kabla ya ukocha, Sang mwenyewe alikuwa moto. Alizaliwa 1964 huko Nandi, akasomea Chuo Kikuu cha Texas, Marekani, na 1987 akashinda dhahabu ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji katika Michezo ya Afrika jijini Nairobi. Baada ya hapo, ebu hesabu. Mashindano ya Dunia, Tokyo 1991: fedha. Olimpiki, Barcelona 1992: fedha. Mashindano ya Dunia tena, Stuttgart 1993: fedha.

Tokyo na Stuttgart alizimwa na Moses Kiptanui, na hapo hakuna aibu. Ile ya Barcelona ndiyo noma. Matthew Birir alianguka mbio zikiendelea, akaamka, akawafukuza wenzake na bado akamshinda Sang. William Mutwol akachukua shaba, Kenya ikazoa medali zote tatu. Nchi ilisherehekea, na ilikuwa haki yake. Ila jiulize aliyekuwa nambari mbili alilala vipi usiku huo.

Mtu kama huyo angeweza kuishi kwa kusimulia enzi zake. Sang alirudi kwa vijana wa nyumbani. Mwaka wa 2001, dogo wa miaka 16 kutoka Kapsisiywa alimwendea akaomba ratiba ya mazoezi. Akapewa ya wiki mbili hivi. Zilipokwisha, akarudi kuomba nyingine. Akarudi tena, na tena. Miezi ilipita kabla Sang hajamuuliza jina. Alipotajiwa, kumbe ni mtoto wa jirani! Mama yake alikuwa mwalimu wa chekechea, na ndiye aliyemfunza Sang mwenyewe alipokuwa mdogo. Baadaye Sang alivua saa yake ya mkononi akampa, maana dogo hakuwa na ya kupimia muda.

Yaliyofuata unayajua. Paris 2003, Kipchoge akiwa na miaka 18, alimshinda Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele katika mita 5,000 na kuwa bingwa wa dunia.

Lakini mimi naona ukocha wa Sang ulionekana zaidi 2012, Kipchoge alipokosa tiketi ya Olimpiki ya London. Ukiwa kocha, hapo ni rahisi sana kutafuta kijana mwingine. Wawili hao walihamia barabarani. Mwaka uliofuata Kipchoge alishinda marathoni yake ya kwanza, Hamburg, halafu zikaja dhahabu mbili za Olimpiki, na zile saa 1:59:40 za Vienna mwaka wa 2019. Faith Kipyegon naye, akinolewa na Sang huyo huyo, alivunja rekodi tatu za dunia 2023 katika muda usiofika miezi miwili: mita 1,500, mita 5,000 na maili.

Kambini kwao Kaptagat, kwa njia, bingwa wa Olimpiki huosha choo zamu yake ikifika.

Sasa turudi Kasikeu. Usiniambie mbio ni za Bonde la Ufa pekee. Benson Masya wa Kitui alikuwa bingwa wa kwanza wa dunia wa nusu marathoni, 1992. Cosmas Ndeti wa Machakos alishinda Boston mara tatu mfululizo, 1993 hadi 1995. Patrick Makau, pia wa Machakos, aliweka rekodi ya dunia ya marathoni Berlin 2011, saa 2:03:38. Miguu Ukambani ipo. Kipchoge alikuwa na miguu pia, lakini alikuwa na bahati ya jirani ambaye angeweza kumbishia hodi kila baada ya wiki mbili.

Kama ulikimbia hadi kiwango cha kaunti ukakwama hapo, huenda wewe ndiye jirani huyo. Kazi yenyewe ni ya asubuhi na mapema, na usiifuate ukitafuta sifa: Olimpiki haimvishi kocha medali. Baada ya dhahabu zote za Kipchoge na Kipyegon, medali ya Olimpiki aliyo nayo Sang mwenyewe bado ni ile moja ya fedha, ya 1992.