Nchi ya hewani iliyoandikwa na karani wa forodha

Kabla hajawa Shaaban Robert tunayemjua, alikuwa karani wa forodha. Aliingia kazi hiyo mwaka 1926 akiwa kijana wa miaka 17 na akabaki katika idara hiyo ya serikali ya Tanganyika hadi mwaka 1944. Hiyo ni miaka 18 ya kukagua mizigo inayoingia na inayotoka. Mwaka 1951 kikatoka kitabu chake kiitwacho Kusadikika, habari za nchi isiyogusa ardhi, inayoelea hewani, yenye mfalme, baraza na magereza.

Wengi wetu tulikisoma shuleni. Tuliambiwa ni fumbo la utawala wa mkoloni, tukaandika insha, tukakisahau. Mwaka huu nimekirudia pamoja na riwaya nyingine za sayansi ya kubuni na za maajabu, za mizimu, viumbe wa angani na paka wanaoongea. Nilizisoma kwenye mabasi na kwenye foleni za mipakani, na nadhani wasomaji wa gazeti hili, ambao nusu ya maisha yao ni foleni, wanazistahili kuliko maprofesa.

Turudi Kusadikika. Mtu mmoja aitwaye Karama anashitakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria. Utetezi wake mbele ya mfalme ni kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kabla yake: mashariki, kaskazini, magharibi, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alitumwa na nchi yake mwenyewe, akapata taabu njiani, akaona jirani anavyoendesha mambo yake, akarudi na habari njema. Na kila mmoja, aliporudi, alitiwa gerezani.

Hapo ndipo niliposimama. Kwenda kwa jirani hakukuwa kosa; barua ya kutumwa ilikuwepo. Kosa lilikuwa kurudi na kitu mkononi. Mama anayetoka Kampala na robota la nguo, au kijana anayevuka Rusumo na mchele, hahitaji mwalimu wa fasihi kumfafanulia. Kutoka ni rahisi, shughuli iko kwenye kurudi. Sijui kama karani yule aliyatoa hayo dirishani pake pa kazi, lakini siwezi tena kusoma kitabu hiki bila kumwona ameketi pale.

Kitabu cha pili ni kifupi, unakimaliza kati ya Arusha na Nairobi. Kinaitwa Binti, kimeandikwa kwa Kiingereza na Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye wazazi Wanigeria, na kilitoka mwaka 2015. Kilipata tuzo mbili kubwa kabisa za bunilizi za kisayansi, Nebula na Hugo. Jina la kitabu, ambalo ndilo jina la msichana mhusika mkuu, ni letu. Msichana mwenyewe ni Mhimba wa Namibia. Mwandishi ana asili ya Kiigbo na amezaliwa Marekani. Ningependa kuona ofisa akijaza cheti cha uasili wa bidhaa hiyo.

Binti ni hodari wa hesabu. Amepata nafasi katika chuo kikuu kilichoko sayari nyingine, na kwa kuwa watu wa kwao hawaondoki, anatoroka usiku. Kabla ya nyota na maajabu yote, Okorafor anatuweka kwenye foleni ya ukaguzi. Ofisa wa usalama anachukua kifaa cha Binti, kile kinachobeba habari zake zote, anakipekua mpaka ndani. Nyuma yake wanasimama watu wa taifa kubwa la nchi ile, Wakhoush. Wanamtazama udongo mwekundu aliojipaka kwenye ngozi na nywele kama ilivyo desturi ya kwao, na mmoja anafika kumshika msuko wake. Mwenye kosa hayupo, sheria haikuvunjwa, na bado msichana anasimama pale akiwa amedogoshwa. Nimesoma ripoti nyingi za mikutano kuhusu adha za wanawake mipakani, na nimeandika baadhi yake. Ukurasa huo mmoja unasema zaidi.

Chombo anachopanda ni kiumbe hai, mfano wa kamba wa baharini aliye mkubwa ajabu. Njiani kinavamiwa na Wameduse, viumbe wanaofanana na yavuyavu, wale wa majimaji baharini wanaowasha. Wanaua karibu kila mtu. Binti anabaki, na hana silaha ya maana isipokuwa chuma cha kale alichookota jangwani na kopo la udongo wake. Kumbe udongo ule unawaponya Wameduse majeraha. Kumbe vita yenyewe inatokana na mali: wasomi wa chuo kile walimnyang'anya chifu wa Wameduse mwiba wake, wakauweka jumba la makumbusho. Msichana anageuka dalali kati ya pande mbili zisizoelewana lugha, na anafanikiwa kwa sababu anajua kila upande unataka nini na uko tayari kuachia nini. Anayefuatilia madai ya mali za Afrika zilizoko katika majumba ya makumbusho ya Ulaya atatambua hoja hiyo mara moja.

Nina dosari moja nayo: suluhu inakuja upesi mno. Watu wameuawa chombo kizima, na kikao kimoja cha wakuu wa chuo kinamaliza kesi. Mazungumzo ya ushuru wa mahindi tu huchukua miaka. Lakini Okorafor hadanganyi kuhusu gharama ya kazi ya kati, kwa sababu Binti anashuka upande wa pili akiwa na mwili uliobadilika. Mpatanishi hakurudishiwa alichotoa.

Riwaya niliyoipenda kuliko zote ni The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa, iliyotoka mwaka 2021. Aisha ni binti wa jamii ya Wahadhrami wa Mombasa. Baba yake mvuvi anapotea baharini. Anamfuata kwa mashua ya mifupa, akiongozwa na paka msomi aitwaye Hamza, na njiani anapambana na majitu matatu ya baharini, la mwisho likiwa Baba wa Papa. Nilitegemea akimwokoa baba hadithi iishe. Haiishi. Anarudi Mombasa, na sehemu kubwa ya kitabu inabaki nchi kavu, nyumbani, ambako mambo yanazidi kuwa ya ajabu na watu wanatarajia msichana aliyeyashinda majitu arudie shughuli zake kana kwamba alikwenda sokoni tu. Ni wale wajumbe wa Kusadikika, isipokuwa gereza lake ni ukarimu na mapenzi ya watu wa nyumbani, na hilo ni gumu zaidi kulivunja.

Kilishinda tuzo ya kwanza ya Ursula K. Le Guin, Marekani, mwaka 2022. Nilikisoma kwa Kiingereza. Kimechapishwa Minnesota. Kinanuka chumvi ya Mji wa Kale kila ukurasa, na kimevuka Atlantiki kabla ya kuvuka Lungalunga.

Mbili zilizobaki nitazipitia haraka. Walenisi ya Katama Mkangi (Nairobi, 1995) inamrusha Dzombo, mtu aliyehukumiwa, angani kwa chombo hadi nchi ambayo jina lake ni maneno matatu yaliyounganishwa: wale ni sisi. Mkangi aliwekwa kizuizini mwaka 1986, kwa hiyo hukumu ile hakuitoa hewani. Safari inasisimua, lakini akishafika nchi iliyokamilika kitabu kinaanza kuhubiri, nami nikaanza kuruka kurasa. Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001) ina mzimu wa babu unaomtembeza mkubwa mmoja aitwaye K ili aone alichokitenda. Ni chungu na inachekesha, tena K angeweza kuwa mkubwa wa nchi yoyote kati ya zinazopakana nasi.

Angalia kitu hapo. Said Ahmed Mohamed ni Mzanzibari, na kitabu chake kilichapishwa Nairobi na Jomo Kenyatta Foundation. Njia ilikuwepo, basi. Lakini riwaya ya Kiswahili katika ukanda huu huishi kwa kuteuliwa na mtaala wa shule, na mtaala huishia mpakani. Kikiondolewa shuleni upande mmoja, duka la upande wa pili halikuwahi kukijua. Sheria ya VAT ya Kenya ya mwaka 2013 nayo ikaongeza asilimia 16 kwenye bei ya vitabu. Matokeo yake, nyanya zinavuka, saruji inavuka, vitenge vinavuka, lakini hadithi ambayo watu wa pande zote mbili wangeisoma bila mkalimani haivuki.

Kwa anayetaka kujaribu: utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa wafanyabiashara wadogo unahusu mizigo isiyozidi dola 2,000, ikiwa bidhaa imo kwenye orodha iliyokubaliwa na nchi husika. Uliza orodha hiyo kabla ya kupakia, wala usitegemee maneno ya dereva. Katoni moja ya riwaya ni nzito kuliko inavyoonekana, lakini haiozi hata foleni ikichukua siku tatu.

Mimi nimebakiza Nagona ya Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, iliyotoka mwaka 1990. Ni kitabu chembamba ambacho nimekianza mara mbili na mara zote mbili nimepotelea humo ndani, bila kuchukia kupotea. Safari ijayo ya Mutukula nakwenda nacho.